Maswali na majibu: hedi uichonge mpaka wapi?

Wiki hii karibu maswali yote ni ya injini ya petroli ya Land Rover Series III, ile ya silinda nne na cc 2286. Naona zinatolewa kwenye mabanda ya kuku. Kwa wageni: hedi ni kifuniko cha juu cha silinda; ukiichonga, nafasi inayobaki juu ya pistoni inapungua, na rasio ya kompresheni (ujazo pistoni ikiwa chini, ugawe kwa ule unaobaki ikiwa juu) inapanda.

Shikamoo fundi. Nimerithi Series III ya babu, injini iko chini inafanyiwa ovahoo. Fundi mmoja anasema nibaki na rasio ya kompresheni ya 8, mwingine anataka achonge hedi ifike 9 ili gari liwe na nguvu. Nimsikilize nani? (Nairobi)

Marahaba. Kwanza niambie, Desemba gari litakwenda wapi? Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Silinda inavuta pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na Mombasa. Huko kwenu hata 9 itakaa kimya, na fundi wako atasifiwa. Sasa pakia shangazi na magunia mawili ya viazi uteremke Pwani. Ukishapita Voi, joto limepanda, uko gia ya nne kwenye kamlima, utasikia kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo. Hapo injini inagonga: mchanganyiko uliobaki pembeni unajilipukia wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Ukiendelea kukanyaga, ringi zinavunjika au pistoni inatoboka.

Na faida yenyewe? Kwa hesabu za kitabuni, kutoka 7 hadi 8 unapata nguvu zaidi kwa kama asilimia 4. Kutoka 8 hadi 9 haifiki hata hizo. Kwa petroli nzuri na taimingi (wakati wa plagi kuwasha) iliyopimwa, 9 inaweza kuvumilika, lakini mimi nisingelala usingizi. Jengea Mombasa, Nairobi itajitunza. Baki na 8.

Fundi amepima kompresheni akapata 125 kila silinda. Mbona si 8? (Moshi)

Hivyo ni vitu viwili. 125 ni presha, kwa psi, na inashuka ringi zikichoka, valvu zikivuja, betri ikiwa dhaifu, au fundi akisahau kukanyaga mafuta wakati wa kupima. Rasio ni nafasi tu: pistoni ikiwa chini kuna ujazo kiasi gani, ikiwa juu unabaki kiasi gani. Silinda zote nne kulingana ni dalili njema, lakini geji haitakuambia rasio.

Hedi yangu imechongwa mara sijui ngapi. Nitajuaje rasio niliyonayo? (Nakuru)

Nenda duka la dawa ukanunue bomba la sindano la mililita 50. Geuza hedi, valvu na plagi zikiwa mahali pake, uipime kwa pima maji mpaka ilale sawa. Paka grisi nyembamba kuzunguka chemba (shimo la kuchomea mafuta ndani ya hedi), bandika kipande cha plastiki ngumu inayoonyesha chenye tundu dogo, kisha sindilia mafuta ya taa polepole mpaka povu la mwisho litoke. Andika umetumia ngapi. Fanya hivyo pia kwenye bloku (mwili wa injini wenye silinda), pistoni ikiwa juu kabisa na pembeni umeziba kwa grisi. Ongeza na nafasi ya gasketi inayokaa kati ya hedi na bloku: ikishakazwa, kila milimita moja ya unene ni kama cc 6.5.

Tuseme umepata 68 kwenye hedi, 4 juu ya pistoni na 7 za gasketi, jumla 79. Silinda moja inafagia cc 571.5. Gawanya kwa 79, jumlisha 1: una 8.2. Pima chemba zote nne, usiamini moja.

Nimechimba silinda niweke pistoni za 20 (kipenyo kimezidi kwa elfu 20 za inchi). Rasio haitapanda? (Tanga)

Itatoka 8 hadi 8.08. Kanywe chai.

Nimepima, nina 9.4. Fundi anasema aweke gasketi mbili kuishusha. (Arusha)

Mkataze. Gasketi mbili zikipata joto zinasogea, na maji yatapata njia ya kuingia silinda. Tena hedi iliyochongwa hivyo imeshakuwa nyembamba, na fito zinazosukuma roka (mikono inayofungua valvu) sasa ni ndefu kupita kiasi. Tafuta hedi nyingine ya 8. Ukiletewa, kabla hujatoa hela, toa bomba la sindano mfukoni.