Huo si umbea, ni kashfa

SWALI: Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama hapa Likoni. Mwenzetu mmoja amewaambia wanachama wawili kwamba nimekula shilingi 18,000 za mzunguko. Pesa ziko kamili na daftari lipo. Nilipomkabili alicheka: "Ni umbea tu, dadangu, usitie moyoni." Ni umbea kweli?

JIBU: La, dada. Mmbea hubeba habari za watu, za kweli na za uongo, akazimwaga barazani: fulani kaachwa, fulani kakopa kamficha mumewe. Akikusema vibaya nawe hupo, amekusengenya, hata kama asemayo ni kweli. Wewe umezuliwa. Waislamu wameyatenga haya zamani kwa hadithi iliyomo katika Sahih Muslim: ukimtaja nduguyo kwa jambo asilopenda nalo analo, umemsengenya, kama hanalo, umemsingizia, na hiyo ndiyo buhutani.

Sheria ya Kenya huiita kashfa. Sharti neno liwe la uongo, likuhusu wewe, likuvunjie heshima, na limfikie mtu wa tatu. Angekwambia mkiwa wawili tu jikoni, kesi isingekuwepo. Kashfa ya mdomo kwa kawaida hudai uonyeshe hasara uliyopata, lakini ukisingiziwa kosa la kufungwa jela huna haja, na wizi una kifungo cha hadi miaka 3. Angeyaandika kwenye WhatsApp ya chama, hasara isingeulizwa kabisa.

Wengi huangukia kwenye maneno yenyewe. Mtu hufika kwa wakili na "alinichafulia jina" akaishia hapo. Korti inataka tamko neno kwa neno, kwa Kiswahili kilekile kilichosemwa, ndipo litafsiriwe. "Amekula pesa zetu" ni tuhuma ya wizi. "Pesa hatujaziona" huenda ikawa ni mtu anauliza hesabu. Na "mwizi we!" ya kutupiana mkigombania foleni ya bomba, mara nyingi huhesabiwa matusi ya hasira tu. Kwa hiyo waulize wale wawili leo, kila mmoja peke yake, uandike alivyosikia, tarehe, mahali na waliokuwepo. Kama kuna ujumbe wa simu, usiufute wala usibadilishe simu. Picha ya ujumbe huo inahitaji cheti cha kuithibitisha kortini.

Kisha wakili amwandikie barua ya kumtaka afute kauli na kuomba radhi mbele ya haohao waliosikia. Kesi nyingi za chama huishia hapo, na ni nafuu kuliko korti. Akikaidi, una miezi 12 tu tangu siku aliyotamka. Usipoteze nauli kwenda Mahakama ya Madai Madogo, haipokei kesi za kashfa. Nenda kwa hakimu. Polisi nao hawatamkamata kwa hilo: Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha jinai cha kashfa mwaka 2017.

Jambo moja la kumtetea: angesimama kwenye kikao akataka daftari likaguliwe, bila chuki, sheria ingemlinda hata kama amekosea.

SWALI: Na fitina je?

JIBU: Fitina hupimwa kwa nia. Anayetoa maneno kwako akayapeleka kwa shemeji yako ili mgombane ni mfitini, hata kama hajaongeza neno lake.