Jirani ametundika bendera: je, nikate mguu kwake?

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Mimi ni mama wa Kimombasa, naishi mji mmoja kaskazini mwa Uingereza, kazi yangu kuhudumia wazee. Tangu Agosti 2025 nguzo za taa mtaani kwetu zimejaa bendera za England, na jirani yangu, mzee mjane, naye katundika yake dirishani. Kila Idi mimi humpelekea pilau. Mwanangu wa miaka 17 aniambia: "Mama, hawa wote ni wamoja, hawatutaki, nawe wawapikia." Je, kuendelea naye ni udhaifu wa imani? Na sisi watu wa kawaida tufanye nini, siasa hii ya kuwakataa wageni ikizidi kupata nguvu?

JAWABU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Himdi ni za Allah, na sala na salamu zimfikie Mtume wake.

Dada yangu, nianze na bendera yenyewe. Mtu kupenda kwao si dhambi. Mtume (s.a.w.) alipokuwa akiiaga Makka aliiambia kwamba lau watu wake wasingemtoa, asingekaa pengine; kaipokea Tirmidhi katika kitabu chake cha hadithi. Kinachokatazwa ni asabia, yaani kusimama na watu wako hata wanapodhulumu, kwa sababu tu ni wako.

Tazama kisa kilichomo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Safarini, Muhajiri mmoja (Mwislamu aliyehama Makka) alimpiga Ansari mmoja (mwenyeji wa Madina). Huyu akalia, "Enyi Ansari!" Yule akalia, "Enyi Muhajirina!" Mtume akasikia, akauliza vipi wito wa kijahilia, yaani wa zama za kabla ya Uislamu, kisha akasema: "Uacheni, kwani unanuka." Majina hayo mawili ni matukufu, Qur'ani yenyewe imewasifu wenye majina hayo. Lakini yalipoitwa ili watu wagawanyike na kupigana, yalioza palepale. Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu bendera ya mzee wako ni moja: anaitumia kuwaitia watu jambo gani? Hukuniandikia kwamba amekutukana, wala kwamba amekufungia mlango. Basi dhana mbaya juu yake imekatazwa na Suratul Hujurat, aya ya 12.

Sikuambii hofu yako haina msingi. Julai 29, 2024, watoto watatu wa kike waliuawa kwa kisu katika mji wa Southport, Uingereza, wakiwa katika darasa la kucheza dansi. Kabla hawajazikwa, uvumi ulisambaa kwamba muuaji ni Mwislamu aliyeingia kwa mashua. Ulikuwa uwongo, kijana yule alizaliwa Cardiff, humohumo Uingereza. Kesho yake jioni msikiti wa Southport ulishambuliwa. Agosti 4, karibu na Rotherham, watu walijaribu kuitia moto hoteli ikiwa na wakimbizi ndani, na Middlesbrough madereva walisimamishwa barabarani wakiulizwa kama ni weupe, kama ni Waingereza. Allah ametuambia akitujia mpotovu na habari tuihakikishe, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Naona aya hiyo kama imeshuka kwa ajili ya simu zetu hizi.

Na hata lau muuaji angekuwa Mwislamu, msikiti una kosa gani? "Wala mbebaji hatabeba mzigo wa mwingine." Hapa ndipo nataka mwanao asikilize vizuri. Neno lake, "hawa wote ni wamoja," ndilo neno la wale waliorusha matofali. Siku iliyofuata asubuhi, watu wa Southport, wengi wao si Waislamu, walikuja na mifagio na saruji wakaujenga upya ukuta wa msikiti. Nao wamo katika "hawa wote"? Liverpool, Imamu Adam Kelwick na wenzake wa msikiti wa Abdullah Quilliam waliwatokea waliokuja kuandamana dhidi yao, wakawapa chakula, na wengine wakaishia kukumbatiana nao. Mwambie mwanao nayajua maumivu yake, na kwamba Allah anasema katika Suratul Maida: "Wala kuchukiana na watu kusikupelekeeni kutofanya uadilifu."

Nami siandiki kama mtu msafi. Agosti 1997 nilikuwa kijana wa madrasa Mombasa, vikaratasi vilipozagaa vikiwataka wabara warudi kwao, na Likoni watu wakauawa na nyumba zikachomwa. Sisi pwani tulikuwa na malalamiko ya kweli: ardhi, kazi, bandari. Wanasiasa waliyachukua malalamiko hayo wakayaelekeza kwa muuza mboga mwenye jina la bara. Darasani mwetu kulikuwa na waliosema "wacha wakuja waondoke," nami nilinyamaza. Nimeomba toba kwa ukimya ule, na mpaka leo nikisikia neno "wakuja" msikitini sinyamazi.

Ndiyo kusema kazi ya kwanza ya mtu wa kawaida iko kwa watu wake mwenyewe, kwa kuwa hao ndio watakaomsikiliza. Mtume alipoamrisha kumsaidia ndugu hata akiwa dhalimu, waliuliza vipi, akajibu: kwa kumzuia asidhulumu. Mzee wako huenda akamwambia mwenzake neno ambalo likitoka kwako halitafika. Ukikata mguu kwake, umemwacha na wale wanaompa habari za uongo tu.

Kujilinda nako ni wajibu. Siku za maandamano usipite peke yako, badilisha njia. Ukitukanwa, andika saa na mahali, na uripoti polisi. Anayejitetea baada ya kudhulumiwa hana lawama, hiyo ni Suratu Shura. Hijabu yako usiivue kwa maneno ya watu. Halafu kura. Mei 2025 chama cha Reform UK, kilichojenga siasa yake juu ya uhamiaji, kilishinda viti zaidi ya 600 vya mabaraza. Kenya imo katika Jumuiya ya Madola, na sheria ya Uingereza inamruhusu raia wa Jumuiya hiyo anayeishi humo kihalali kujiandikisha na kupiga kura, hata ya bunge. Wako wanaosema ni haramu. Mimi naona kuzuia dhuluma kwa njia uliyopewa ni katika kukataza maovu. Jiandikishe.

Kuhusu pilau, Suratul Mumtahina aya ya 8 inakuruhusu waziwazi kuwatendea wema na uadilifu wasiokupiga vita katika dini wala kukutoa katika nyumba yako. Abdullah bin Amr, sahaba wa Mtume, alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, aliuliza, akarudia: "Mmempelekea jirani yetu Myahudi? Mmempelekea jirani yetu Myahudi?" Kwa hiyo mpelekee mzee fungu lake Idi ijayo, na sahani aibebe mwanao.

Wallahu a'lam.