Damu Pika Jikoni, Usafi Usiubanie

Wanaoanza mekapu ya filamu hapa Arusha huniuliza swali moja: "Dada, ninunue paleti gani?", yaani kasha la rangi za mekapu. Jibu langu huwakata stimu. Kabla ya paleti, nunua spiriti ya asilimia 70, sahani bapa ya stenlesi na spachula yake, sponji za kutupa, glovu, na mafuta ya kutolea mekapu. Paleti ya majeraha itasubiri.

Itasubiri kwa sababu majeraha yenyewe hayana gharama kubwa. Damu, kwa mfano, mimi napika. Chemsha sukari na maji mpaka iwe sirapu inayoteremka kwenye kijiko taratibu, iache ipoe, kisha tia rangi nyekundu ya chakula. Hapo utapata kitu chekundu kama sharubati ya harusi, na hakuna mtu mzima atakayeamini. Koroga kakao kidogo kwenye maji ya moto, mimina humo, ongeza tone moja la bluu. Ipake mkononi, isogeze kwenye mwanga, ipige picha kwa simu kabla hujaridhika, maana kamera huona wekundu tofauti na macho yako. Ya kuingia mdomoni inaishia hapo. Ya kumwagia nguo itie sabuni ya maji kidogo ili itoke kwenye kufua, na chupa zake uziandike wazi, MDOMO na NGUO, kwa herufi ambazo hata msaidizi mwenye haraka atazisoma. Iliyobaki shutingi ikiisha, mwaga. Mkirekodi kwenye migomba jiandaeni pia kwa nyuki na nzi. Sukari ni sukari.

Uchafu na ngozi iliyoungua natumia kahawa iliyosagwa, kitu ambacho Arusha na Moshi hatuwezi kulalamika kuwa hakipatikani.

Michubuko inahitaji jicho zaidi ya pesa. Paleti nyingi za nje zimepangwa kwa ngozi nyeupe, ambapo ngumi huacha wekundu. Kwenye ngozi zetu wekundu ule haufanyi kazi. Anza na damu ya mzee na zambarau iliyoiva, katikati weka kahawia inayokaribia weusi, pembeni njano chafu kidogo tu kama jeraha lina siku kadhaa. Uvimbe ufanye kwa mng'ao: vaselini kidogo juu ya mfupa wa shavu inasaidia kuliko rangi nne.

Sasa usafi. Usichovye brashi kwenye kopo, ukapaka mtu, ukachovya tena. Chota kwa spachula, weka kwenye sahani, fanyia kazi hapo. Maskara iwe na kijiti cha kutupa kwa kila mtu. Januari 2024 macho mekundu yalivyosambaa nchini, kila mwenye kopo moja la wanja kwa waigizaji wote alipaswa kujiuliza maswali.

Watu wengi hudhani spiriti kali zaidi ndiyo inayoua vijidudu vizuri. Sivyo. Ile ya asilimia 99 hukauka upesi mno, wakati maji yaliyomo kwenye ya 70 huisaidia kupenya na kukaa muda wa kutosha. Lakini brashi yenye mafuta ioshe kwanza kwa sabuni, la sivyo unapulizia spiriti juu ya uchafu. Zilaze zikauke kwenye taulo safi. Mwezi wa sita na wa saba Arusha, ukizifungia usiku zikiwa mbichi, asubuhi zinanuka. Nenda na dumu lako la maji safi pia. Lokesheni za vijijini usitegemee bomba.

Lateksi ya maji, yaani mpira wa majimaji wa kutengenezea majeraha na makovu, ina amonia, kwa hiyo ikae mbali na macho, na isipite juu ya nyusi wala ndevu bila vaselini chini yake. Muulize mwigizaji kama glovu za mpira au puto humuwasha. Muulize pia kama ndizi au parachichi humletea muwasho mdomoni. Atakucheka, hasa akiwa Mchaga, lakini baadhi ya wenye mzio wa lateksi hupata shida na matunda hayo hayo. Halafu paka tone ndani ya mkono, usubiri saa 24. Ukiitwa asubuhi kwa shutingi ya mchana, acha lateksi nyumbani.

Jelatini ni mbadala mzuri: jelatini, glisarini na maji ya moto, viwango karibu sawa. Ijaribu kwenye kifundo chako cha mkono kwanza, ikiwa ya moto inaunguza kweli. Uliza duka imetokana na mnyama gani, kwa sababu Waislamu na Wasabato tunao wengi na wana haki ya kujua kabla hujawapaka ya nguruwe. Udhaifu wake ni joto: hulainika karibu na nyuzi 35, na mchana wa Februari Moshi mjini, mwigizaji akikimbia, kovu linaanza kuteremka shingoni. Siku hizo tumia nta ya majeraha iliyofungwa kwa poda, au panga matukio hayo asubuhi.

Supa glu kwenye ngozi hapana. Ikigusa pamba hutoa joto la kuunguza, na bado nakuta mafundi wanabandikia ndevu.

Mwigizaji mwenye malengelenge mdomoni au kidonda kibichi, hamisha jeraha feki upande mwingine, na umwambie dairekta pembeni, si mbele ya watu.

Kwenye bei yako andika na muda wa kutoa. Lateksi hulegezwa kwa mafuta taratibu kuanzia ukingoni, gundi ya ndevu kwa dawa yake, kisha uso unaoshwa na kupakwa losheni. Kwa watu watatu hiyo ni karibu saa nzima. Mtayarishaji akisema watajitoa wenyewe nyumbani, mkatalie. Watabandua kwa kucha, kesho utapewa ngozi iliyochubuka uipake tena, na huyo aliyepanda daladala na panga kichwani ataulizwa maswali na konda mpaka Tengeru.