Usitupe Helios ya Mjomba Wako

Juzi dada mmoja wa Siaya aliniandikia. Mjomba wake, aliyekuwa akipiga picha za harusi na za shule, amefariki na kuwaachia kamera ya Zenit yenye lenzi ya Helios 44-2. Ndani ya lenzi kuna kitu kama utando wa buibui, na pete ya kufokasi, ile unayozungusha picha iwe kali, imekaza hata haigeuki. Amezunguka nayo mjini, na fundi mmoja amemwambia aitupe, anunue ya kisasa. "Kaka, nitupe kweli?" aliniuliza.

Usitupe, dada yangu. Nilivyosoma ujumbe wako nilipandwa na hasira, kwa maana neno hilohilo niliambiwa mimi hapa Kisumu kuhusu Helios yangu. Fundi wa kamera aliishika, akaitikisa karibu na sikio, akanirudishia. Hakuwasha hata tochi. Na hilo lilikuwa afadhali. Kilichoniuma, na kinaniuma mpaka leo, ni mpiga picha mwenzangu aliyenicheka mbele ya mteja kwamba nimeleta "vyuma vya makumbusho" kwenye kazi ya watu. Mteja alicheka pia. Nilirudi nyumbani nikaapa kwamba lenzi ile itafanya kazi, na nitaitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe.

Hebu kwanza ujue ulichonacho. Helios 44-2 ni lenzi ya Kisovieti ya milimita 58, uwazi wake mkubwa ni f/2, na mchoro wake umetokana na Biotar ya Carl Zeiss ya Ujerumani. Ina vioo 6 katika makundi 4, na vibapa 8 vya chuma vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga. Ilitengenezwa kwa wingi sana, katika viwanda zaidi ya kimoja, ndiyo maana bado utaikuta soko la Kibuye hapa Kisumu siku ya Jumapili katikati ya redio kuukuu na chaja za simu. Ni ya chuma na kioo tupu. Haina waya, haina mota. Kila kitu kilichomo kilifungwa kwa skrubu au kwa uzi wa kuzungusha kama wa mfuniko wa chupa, na kilichofungwa hivyo hufunguka.

Anza kwa kuangalia, usianze kwa bisibisi. Fungua tundu la mwanga lote, zima taa za chumba, washa tochi ya simu nyuma ya lenzi na utazame kutoka mbele kwa pembe. Vumbi utaliona, liache. Vumbi kidogo halionekani kwenye picha, na watu wengi wameharibu lenzi nzima wakifuata chembe mbili za vumbi. Nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama mizizi ni kuvu. Ukiona rangi za upinde wa mvua au mapovu kwenye ukingo wa kioo, hiyo ni gundi iliyoachana kati ya vioo viwili vilivyogandishwa pamoja. Helios ina jozi mbili za namna hiyo. Kazi ya gundi usiiguse nyumbani. Kuvu na pete iliyokaza, hizo tunaziweza.

Mafuta kwenye vibapa yanaogopwa kuliko yanavyostahili. Katika lenzi za baadaye, ambazo vibapa hufungwa na springi wakati wa kupiga picha, mafuta huvinatisha na picha hutoka na mwanga mwingi kupita kiasi. Lakini 44-2 unaifungua na kuifunga kwa mkono. Vibapa vikiwa na mafuta kidogo vitaendelea kukufanyia kazi miaka mingi.

Ufundi wenyewe nilifundishwa na mzee mmoja fundi wa saa ambaye hajawahi kupiga picha maishani mwake. Nilimwendea nikitaka kuazima bisibisi ndogo, nikaishia kukaa karibu na meza yake jioni nyingi. "Kijana, ukiona unatumia nguvu, simama. Kuna skrubu hujaiona," alikuwa akiniambia. Hiyo ndiyo kanuni ya kazi hii yote. Skrubu za kubana kwenye lenzi hizi ni ndogo kama punje ya ulezi, na zinakaa ubavuni mwa pete, mara nyingine zimefunikwa na rangi au uchafu. Ukilazimisha pete kabla ya kuzilegeza, unakwaruza uzi wa alumini na hapo hakuna fundi atakayekusaidia.

Bisibisi iwe na ncha inayojaa kabisa kwenye mfereji wa skrubu. Hapo usibane matumizi. Pete ya mbele yenye jina la lenzi haina mahali pa kushika, kwa hiyo mimi hukata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakikandamiza juu yake na kuzungusha polepole. Pete za ndani zenye mifereji miwili zinataka spana ya ncha mbili. Mkasi utateleza na kuchora kioo. Pete ikigoma, tia tone la asetoni kwenye uzi, subiri, jaribu tena. Piga picha kwa simu kila hatua, na kila skrubu iingie kwenye shimo lake la trei ya mayai kwa mpangilio uliozitoa.

Sasa kuvu. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tunaishi na joto na unyevu pamoja, na hiyo ndiyo shibe ya kuvu. Wenzetu wa Kakamega wanaijua vilevile. Nakuru shida yao zaidi ni vumbi. Kuvu haikai tu juu ya kioo: hutoa asidi inayokula ule utando mwembamba wa rangi ya zambarau uliopakwa kuzuia mng'ao. Ndiyo maana kuchelewa ni hasara. Mimi hutumia haidrojeni peroksidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda inayouzwa duka la dawa. Nalowesha pamba au kitambaa laini, nafuta kutoka katikati kwenda nje bila kukandamiza, halafu napitisha spiriti safi na kukausha. Vioo vilivyogandishwa usivitumbukize kwenye kitu chochote, vifute tu. Alama hafifu zikibaki baada ya kuvu kuondoka, ujue asidi imeshakula. Kwenye picha za kawaida hutaziona. Zitaonekana ukipiga kuelekea jua.

Pete iliyokaza ndiyo kazi yenyewe, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa. Ndani ya pete kuna helikoidi, yaani mirija ya uzi mnene inayoingiana na kusogeza vioo mbele na nyuma. Grisi ya miaka arobaini iliyopita imegeuka nta. Toa kwanza sehemu yenye vioo, iweke mbali, ndipo ufungue helikoidi. Na kabla hujaifungua, ukinisikiliza kwa jambo moja tu, nisikilize hapa: uzi huu una midomo mingi ya kuingilia, na ni mmoja tu ulio sahihi. Zungusha polepole sana, na pale mirija inapoachana, papo hapo, weka alama kwa sindano pande zote mbili. Usipoweka alama utakaa usiku kucha ukijaribu mlango mmoja baada ya mwingine, huku lenzi ikikataa kufokasi mbali.

Osha grisi ya zamani kwa petroli ya kujazia viberiti, dirisha likiwa wazi na jiko likiwa limezimwa, ukisugua uzi kwa mswaki. Kisha paka grisi mpya, nyembamba kama mafuta unayompaka mtoto usoni. Iwe grisi nzito. Mafuta ya cherehani yatakupa pete laini siku ya kwanza, lakini kwa joto la Kisumu yatatiririka hadi kwenye vibapa na kwenye vioo. Nimekuta lenzi kadhaa mitumbani zilizouawa na mafuta ya cherehani, na kila moja ilinisikitisha.

Kuirudisha ni kufuata picha zako za simu kinyumenyume. Ukimaliza, ijaribu kwa kitu cha mbali. Mimi huipeleka lenzi juani asubuhi na kufokasi milima ya Nandi. Picha ikiwa si kali na pete imefika mwisho wake, legeza skrubu tatu za pete ya kufokasi, rekebisha, kaza tena. Kuifunga kwenye Canon za DSLR, zile zenye kioo cha kuakisi ndani, unahitaji adapta nyembamba tu ya M42, yaani ya uzi wa lenzi hii, na utafokasi mpaka mbali. Nikon za aina hiyo zinataka adapta yenye kioo cha lenzi ndani ili zifokasi mbali, nami siipendi kwa sababu inashusha ukali wa picha.

Mwezi uliopita nilimpiga picha bibi harusi kwenye ufuo wa Dunga, mgongo wake ukiwa kwenye mafunjo na jua likishuka nyuma yake. Helios ikiwa f/2, majani yale yaligeuka madoa ya mwanga yakamzunguka kama shada. Huo ndio mzunguko unaoifanya lenzi hii isifiwe duniani kote, na unautoa tu ukiwa na majani au taa nyuma, kwa mbali kidogo, na mtu wako katikati. Familia iliagiza picha ile ikuzwe ya ukutani. Yule mwenzangu aliyenicheka ameniuliza nilitumia programu gani.

Vijana wenzangu, mnakopa kwa simu kununua lenzi ambayo malipo yake yatawafuata mpaka Krismasi, na kwenye kabati la nyumbani kuna kioo kizuri kinachooza. Jifunzeni kufungua kitu. Anayejua kufungua na kufunga hababaishwi na duka wala na fundi. Anzeni na lenzi iliyokwisha kufa, ya bei ya chai na mandazi, mfungue na kufunga mpaka vidole vizoee. Msianze na ile mnayoipenda.

Na ikishapona, itunzeni. Mkoba wa ngozi hushika unyevu, lenzi isirudi humo. Iwekeni kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika vya kufyonza unyevu, ambavyo hujaa maji baada ya muda na hutaka kubadilishwa. Itoeni mara kwa mara mpige nayo picha, kwa sababu kuvu hupenda giza na hewa isiyosogea. Msiiache juani bila kifuniko: kioo hicho hukusanya miale na kinaweza kuwasha pazia. Lenzi yoyote mpya kutoka mtumbani ikae kwenye kopo lake peke yake mpaka mmeipitisha kwenye tochi.