Barua kwa mwanangu: kutunza amana za watu

Dodoma, Area C

Binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote ni wazima, na baba yako anakusalimu.

Umeniuliza kama mtu aliyesomea uhasibu, anayefanya kazi benki Dar es Salaam, anaweza kuwa kyureta, yaani mteuzi na msimamizi wa maonyesho, wa sanaa ya kisasa na siku moja akawa mkurugenzi wa makumbusho. Halafu ukaongeza: je, inawezekana kuanzia huku Dodoma, Agosti hii, kwa onyesho dogo la kazi kumi na mbili, michoro na vinyago? Swali la kwanza nalijibu kwa neno moja: ndiyo. La pili linataka maelezo marefu, kwa sababu humo ndimo kazi yenyewe ilimo.

Shahada yako isikutie unyonge. Koyo Kouoh, aliyezaliwa Douala mwaka 1967, alisomea biashara na mambo ya benki Uswisi kabla hajaingia kwenye sanaa. Mwaka 2008 alianzisha kituo cha sanaa, RAW Material Company, mjini Dakar, na mwaka 2019 akakabidhiwa Zeitz MOCAA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya Afrika yaliyofunguliwa Cape Town mwaka 2017 ndani ya maghala ya zamani ya nafaka. Alifariki Mei 2025, akiwa ameshateuliwa kusimamia maonyesho makubwa ya sanaa ya Italia, Biennale ya Venice ya 2026. Okwui Enwezor, Mnigeria, alisomea sayansi ya siasa Marekani. Alianza na jarida la sanaa la Nka mwaka 1994, akasimamia maonyesho makubwa ya Documenta 11 mjini Kassel, Ujerumani, mwaka 2002, na ukurugenzi wa jumba la sanaa la Haus der Kunst kule Munich ukamfikia mwaka 2011. Piga hesabu mwenyewe, tangu kuanzisha hadi ukurugenzi huo: miaka kumi na moja kwa mmoja, kumi na saba kwa mwingine. Na wote wawili hawakukaa kungoja tangazo la ajira. Walijenga kwanza kitu ambacho wasanii na waandishi wengine waliweza kukitumia.

Kwenye Makumbusho ya Taifa mtu wa kazi hii huitwa mhifadhi. Wasanii wa Dar husema kyureta. Mimi nalipenda neno mhifadhi, maana linakumbusha kwamba kila unachokigusa ni amana ya mtu. Kuchagua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kurudisha kitu kama ulivyokipokea, au kueleza kwa maandishi kilichokipata.

Kwa hiyo anza na daftari. Kila kazi inayopita mlangoni ipewe nambari siku ileile: mwaka, nambari ya mapokezi, nambari ya kitu. 2026.3.2 ni kitu cha pili katika mzigo wa tatu wa mwaka 2026. Piga picha mbele, nyuma na kona zote nne, kisha zima taa, umulike kwa tochi kutoka ubavuni; hapo ndipo rangi iliyoanza kubanduka inapoonekana. Usiandike "imechakaa kidogo". Andika "ufa wa sm 4, kona ya chini kulia, rangi haijadondoka". Mwenye kazi asaini siku unayoichukua na siku unayoirudisha. Kinyago cha uso cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa mwaka 1984, kikaonekana baadaye katika makumbusho binafsi mjini Geneva, na kikarudishwa Tanzania mwaka 2010. Kitu kisicho na picha wala maelezo daftarini, ukikikuta ugenini utathibitishaje kwamba ni chako?

Nambari haiandikwi kwa kalamu juu ya kitu, wala haibandikwi kwa selotepu. Gundi ya selotepu huacha doa ambalo halitoki. Kwenye mchoro wa turubai, andika kwa penseli laini kwenye fremu ya mbao ya nyuma, usiandike kwenye turubai. Kwenye kinyago, chagua sehemu isiyoonekana, paka tabaka jembamba la Paraloid B-72, utomvu wa plastiki usio na rangi, iliyoyeyushwa kwa asetoni, liache likauke, andika nambari kwa wino, kisha paka tabaka la pili. Siku ikibidi kuifuta, asetoni kidogo kwenye pamba inatosha.

Sasa vinyago vyako vya mpingo. Hapa ndipo onyesho la Agosti linapoweza kuharibika kabla halijafunguliwa. Mpingo mara nyingi huchongwa ungali mbichi, nao hukauka polepole mno. Dar hewa ina unyevu, mara nyingi zaidi ya asilimia 70. Huku Agosti mchana hushuka hadi karibu asilimia 40, na upepo juu. Ukifungua sanduku siku ya kufika, ngozi ya nje ya mti hupoteza maji na kusinyaa wakati kiini bado kimejaa, na kwa kuwa kiini hakisogei, ngozi haina budi kupasuka. Ufa hufuata nyuzi za mti, mara nyingi kuanzia kitako. Ukishatokea haurudi nyuma, na anayeujaza kwa gundi na vumbi la mbao anakuandalia ufa mwingine pembeni yake.

Dawa yake ni subira. Funga kila kinyago kwa kitambaa cha marekani iliyofuliwa mpaka wanga wote utoke, kiweke kwenye boksi nene la karatasi, ujaze nafasi kwa vipande vya marekani hiyohiyo. Usitumie nailoni, mvuke unaofungiwa humo huleta ukungu. Boksi likifika liweke katika chumba kisicho na feni wala jua, na ulifungue kidogo kidogo kwa wiki tatu hadi nne. Pima uzito wa kinyago kila wiki kwa mzani wa jikoni, uandike. Uzito ukiacha kushuka, mti umeshazoea hewa, na hapo ndipo unaweza kukitoa. Mwambie pia mchongaji asikipake kiwi kabla hujakikagua, kwa sababu kiwi huziba nyufa na huficha mbao nyeupe iliyopakwa ionekane mpingo.

Picha za Tingatinga zina shida nyingine. Ile rangi ya kung'aa hunata zikilaliana kwenye joto, hasa ikiwa ni za miezi michache tu. Tenganisha kila moja kwa karatasi ya kuokea mikate, uzisafirishe zikiwa wima, zisilazwe.

Mwanga nao unaua, ila kimyakimya. Michoro ya karatasi, picha za kamera na vitambaa visizidi luksi 50, luksi ikiwa ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu. Rangi za mafuta zinaweza kufika 150 au 200. Madhara ya mwanga hujumlishwa, hayafutiki usiku. Kanga iliyotundikwa kwenye luksi 50 kwa saa nane kila siku, siku 300, inapata jumla ya luksi 120,000 za saa, yaani luksi mara saa. Jua letu la saa sita mchana lina luksi kama 100,000. Yaani kanga hiyo ukiianika uani saa moja na robo tu, imeshapata mwanga wake wa mwaka mzima, tena na mionzi ya urujuanimno juu yake. Kwa hiyo madirisha ya upande wa magharibi yafunikwe, na taa ziwe za LED.

Kutundika ni hesabu. Kitovu cha kila picha kikae sm 150 kutoka sakafuni, ziwe kubwa au ndogo. Picha yenye kimo cha sm 80, ambayo waya wake ukivutwa unafika sm 7 chini ya ukingo wa juu, msumari wake unakaa 150 jumlisha 40 toa 7, yaani sm 183. Tumia misumari miwili badala ya mmoja, picha haitainama lori likipita. Ukuta wa tofali za kuchoma unataka plagi na skrubu. Msumari mtupu hushika plasta tu, na plasta hudondoka na picha yako.

Maandishi ya ukutani yasizidi maneno 120 kwa kila sehemu, Kiswahili kikitangulia. Mtu husoma akiwa amesimama, na pengine amebeba mtoto.

Nirudi kwenye kuchagua, maana orodha uliyonitumia imenipa wasiwasi. "Sanaa ya Tanzania leo" ni jina la kikapu tu, kila kitu kinaingia. Tafuta swali linaloweza kukataa kazi nzuri. Kwa mfano: mji uliochaguliwa mwaka 1973 kuwa makao makuu, katika ardhi kame, unaoishi kwa maji ya visima vya Makutupora, unadaiwa nini na maji hayo? Ukiwa na swali la namna hiyo, mchoro mzuri wa twiga utajiondoa wenyewe bila ugomvi. Nenda kwa msanii angalau mara mbili kabla hujachagua. Mara ya kwanza atakuonyesha anachouza. Ya pili ndipo atatoa kilichoegemezwa ukutani kikiangalia kule.

Mkataba uandikwe hata kama msanii ni rafiki yako: thamani mliyokubaliana, nani analipa usafiri, ulinzi wa bima tangu kazi inapotoka ukutani kwake hadi inaporudi palepale, malipo yake ya kushiriki, na ruhusa ya kutumia picha ya kazi hiyo. Hakimiliki hubaki kwa msanii hata mtu akiinunua kazi yenyewe, isipokuwa ameiuza hakimiliki hiyo kwa maandishi. Na wewe usiwe dalali. Kanuni za maadili za ICOM, Baraza la Kimataifa la Makumbusho, zinawakataza watu wa makumbusho kufanya biashara ya vitu wanavyovitunza, na sababu iko wazi: ukuta wako hupandisha bei.

Ukurugenzi nitausema kwa ufupi. Siku ya mkurugenzi huliwa na bajeti, bodi, wafadhili, mishahara ya walinzi na paa linalovuja Januari, na hapo uhasibu wako utakubeba. Kinachobaki ni maamuzi magumu. Nenda Kolo, ng'ambo ya Kondoa, ukatazame michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Pale Mungumi wa Kolo, mojawapo ya miamba hiyo yenye michoro, watu bado wanafanya matambiko, na pombe inayomwagwa mwambani huidhuru rangi. Ukiwazuia, unawafukuza ambao mahali hapo ni pao, na ndio walinzi wako wa kwanza. Ukiwaacha, michoro inafifia. Mkurugenzi anayestahili cheo hukaa na wazee, wakatafuta pamoja sehemu ya kumwagia isiyogusa mchoro, na hurudi tena mwakani kuangalia kama makubaliano yameshika.

Kuhusu tarehe, acha Agosti. Fanya Mei: mvua zimekwisha, vumbi halijaanza, na hewa bado haijakauka sana. Vinyago vifike mwishoni mwa Machi. Nunua kipima unyevu kimoja hukohuko uje nacho, na nitumie vipimo vya kazi zote kumi na mbili, kimo, upana na kina, pamoja na uzito wa kila kinyago, nikuchoree kuta.

Mama yako