Muulize Ustadhi: Yai dume, mayai majike?

Asalaam aleikum Ustadhi. Mie kijana wa Wete ila kazi yangu hotelini Kiwengwa, Kitaliano nimekiokota kwa wageni. Sasa najitungia lugha yangu itoke kwenye Kilatini, nimekwama kwenye jinsia ya maneno na wingi. Niweke dume na jike au niache? Na wingi ndo niongeze s mwishoni?

Waaleikum salaam mwanangu. Kilatini kilikuwa na jinsia tatu, ile ya tatu si dume si jike, na watoto wake wengi, yaani lugha zilizotoka kwake kama Kitaliano na Kihispania, wamebaki na mbili, basi utamu uko hapo, jiulize kwako wewe hiyo ya tatu imekwenda wapi. Tazama yai, Kilatini lilikuwa la hiyo jinsia ya tatu. Kitaliano moja uovo, dume, mengi uova, jike! Sababu wingi wa Kilatini ulikuwa ova na ile a ya mwisho imefanana na ya kike. Na jani ndo kichekesho kabisa, folia Kilatini ni majani mengi, leo Mtaliano akikwambia foglia ni jani moja tu.

Wingi si kazi kubwa, ama s kama Kihispania, casa (nyumba) casas, ama ugeuze irabu kama Kitaliano, casa case, lakini shika njia moja bwana.

Jinsia usiitoe, mie ningeiweka. Ila kivumishi nacho kifuate, kama sie tusemavyo yai bovu mayai mabovu, ati ukisema mayai bovu hapo sokoni Darajani si watakucheka?