Nilipiga kelele saa tisa ya usiku juu ya basketi, sasa mujomba hanisemeshi

Mutoto yangu wa Katuba, aksanti kwa barua. Unasema unaikala kwa mujomba, na ile usiku ulikuwa unaangalia timu yako ya iniversite ya Marekani ku telefoni, chini ya blangeti, ekutere mu sikio moja tu. Timu yako mbele na pointi moja, sekunde zinaisha, bale bengine banatupa, picha inakwama, inarudi mupira uko unazunguka juu ya chuma ya panye... na unaangukia inje. Njo ukapiga ile kelele. Parseli nzima ikaamka, jirani akatoka na panga akizani ni mwizi, mujomba toka ile siku hakusemeshi, na unaniuliza kama uko mugonjwa wa kichwa juu ulilia machozi kwa batu benye habakujui.

Hapana, hauko mugonjwa. Basketi ya iniversite, mu mwezi wa tatu kuko mashindano makubwa ya mwisho: ni mechi moja tu, ukipoteza unarudi kwenu, hakuna ya kurudilia. Unaandika ulianza kuifuata juu ya Oscar Tshiebwe, mutoto wa hapa hapa Lubumbashi, basi unakumbuka 2022: eko na iniversite ya Kentucky, anatia pointi 30, anashika ribaundi 16 (mipira yenye ilikosa panye), na bado Saint Peter's, katimu kadogo kenye batu habakukahesabia, kakabatosha 85-79 kisha ya prolongasio. Mwenye alishaona ile anajua pointi moja inakataka mutu pumuzi. Moyo kupiga mpaka asubuhi, machozi, ni woga njo ilikuwa inatoka. Minafurahi na wewe kabisa.

Lakini ile kelele, mutoto yangu. Hapa kwetu mutu akilalamika usiku avenyu yote inaamka, juu ni mwizi ao ni kilio. Ule jirani aliacha bibi na batoto mu nyumba, akatoka mu giza juu yako, bila kujua nini inamungojea. Na mujomba, mi naona kenye kilimuuma ni kusimama mbele ya batu bote roho juu, kisha kusikia "ni basketi". Alipata haya. Hiyo haiishake na pardon ya ku mulango. Ngoja amalize bukari, ikala chini, umuelezee yote, na umuambie kama 2022 ule mutoto wa Lubumbashi njo balichagua muchezaji wa kwanza mu mainiversite yote ya Marekani. Pengine hayui. Bazee bengi habajui, na inaniumaka sana.

Kintu kingine, na mu barua yako njo kilinigusa zaidi: ulikuwa peke yako. Furaha kubwa vile na hakuna hata mutu mumoja wa kupigana naye mikono! Mechi za siku ya posho, zile zinaanzaka saa sita ya muchana kule New York, mu mwezi wa kwanza na wa pili hapa ni saa moja ya mangaribi, batu beko macho. Nunua mega mapema, simamisha telefoni ku meza, ita mujomba, ita na ule jirani. Pale mupigie kelele bote. Zile za usiku wa manane, uma blangeti.

Kwa jirani enda leo, mbele giza iingie, na usitume mutoto.